"Stika haitiwi maji, dada"

Nitaanza na stika, zile alama za kubandika kwenye ndege ya plastiki, ambazo hulowekwa ziachie karatasi yake, maana hata nikianza na jambo jingine nitaishia kwenye stika.

Mimi ni mpaka hina, Lamu. Boksi la ndege, Dakota ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ndege ya zamani ya injini mbili, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, nililiagiza kwa simu kwa muuzaji mmoja wa Mombasa, kwa pesa ninayoipata nikipamba maharusi wawili, mikono hadi viwiko na miguu hadi magoti. Halikuwa langu. Lilikuwa la mtoto wa kaka yangu, ambaye ndege ikishuka Manda ng'ambo huacha hata chakula akakimbilia gatini kuiangalia. Likaja kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likafika pembe moja imebonyea. Sikusema kitu.

Mtoto alikaa nalo siku tatu. Kabla hajaufunga mwili alibandika chubwi mbili za babu yake ndani ya pua, eti ndege isiangukie mkia. Dakota ikiwa chini hukalia mkia, ndivyo ilivyo tangu iliporuka mara ya kwanza mwaka 1935, lakini nani wa kumwambia. Kisha akabandika dirisha moja kwa supagluu. Kulipokucha dirisha lilikuwa jeupe, kama jicho lililoingia mtoto wa jicho. Mvuke wa supagluu ndio unaoiharibu plastiki angavu namna hiyo. Akalia, akaniachia. Nikang'oa chubwi, madirisha yaliyobaki nikayabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani, na tangu siku ile ndege ikawa yangu. Tusidanganyane.

Plastiki yenyewe sina neno nayo. Kila injini ina silinda 14, zimepangwa duara mbili za saba saba, na injini nzima haizidi kifungo cha koti. Nilizipaka nyeusi, nikachovya brashi kwenye rangi ya fedha, nikaifuta kitambaani mpaka ikawa kama haina kitu, nikaipitisha juu juu tu. Mapezi ya silinda yakajitokeza moja moja. Usiku wa manane! Nilimwamsha mama nimwonyeshe. Akanitazama mimi, ndege hakuitazama. "Utapofuka mato, mwanangu, na harusi ni Ijumaa."

Mgongo wa ndege niliutia puti, nikaupiga msasa wa maji mpaka ukucha haukwami tena kwenye kiungo. Rangi nikapuliza darini baada ya Alfajiri, kabla upepo haujaamka, kisha ndege ikalala ndani ya chandarua isipate vumbi. Juu yake nikapiga vanishi ya kung'aa, kwa kuwa stika ikilala juu ya rangi yenye mikwaruzo hushika hewa chini yake na kuonyesha weupe. Nilifanya kila kitu. Nataka hilo lieleweke.

Sasa stika. Karatasi yake ilikuwa na umanjano, nami nikadhani ndiyo rangi yake. Nikakata nyota ya bawa, nikaitia kwenye kibakuli cha maji ya uvuguvugu, nikahesabu hadi 30, nikaisukuma kwa kidole. Ikateleza vizuri. Ilipogusa bawa ikapasuka vipande kumi, kumi na tano, sijui, kama ganda la yai. Ya pili hata bawani haikufika, iliishia kibakulini inaelea kama magamba ya samaki. Ya tatu na ya nne nilizitia kwa ukaidi tu.

Nikampigia muuzaji. Kwa adabu kabisa: kaka, stika zako zimepasuka majini.

"Umezitia maji?"

"Nimezitia maji."

"Stika haitiwi maji, dada. Umeharibu mwenyewe."

Jamani! Karatasi ya maelekezo iko mbele yangu, imechorwa bakuli, ndani ya bakuli yamechorwa maji. Nikamweleza mchoro. Akacheka. "Kazi hizi mpe ndugu yako wa kiume akufanyie. Nyinyi mna mambo yenu ya kina mama." Akakata.

Mambo ya kina mama. Mimi huchora kwa piko mstari mwembamba kama unywele, kwenye mkono wa bi harusi anayetetemeka, huku shangazi zake wananipigia vigelegele sikioni, na sijawahi kurudia mstari. Yeye anauza stika na hajui kwamba zinatiwa maji. Usinunue kwake. Usinunue boksi hili kabisa, hata kwa nusu bei.

Ila nikitulia, najua si kosa la aliyelitengeneza. Ngozi ya stika huzeeka, na ikikaa miaka dukani kwenye joto huwa kavu na kukatika. Dawa ipo: chovya kwanza ile usiyoihitaji uone. Ikikatika, zilizobaki zipulize vanishi angavu, ziache zikauke, kisha uzikate moja moja kwa mkasi karibu na mchoro, kwa sababu karatasi nzima sasa imekuwa ngozi moja. Umanjano nao hupungua ukiibandika dirishani ipigwe na jua siku kadhaa. Haya nimeyajua baada ya kuua nyota nne. Mtu anayeishi kwa kuuza vitu hivi angeniambia kwa nusu dakika.

Zilizobaki sikuziokoa. Hasira. Nilichukua kijiti changu cha piko, nikachovya rangi nyeusi, nikaandika 5Y kama ndege zetu za Kenya, kistari, kisha herufi za kwanza za majina matatu ya mtoto. Herufi ya mwisho imeinama kidogo. Mstari mwekundu wa madirishani ni mkono wangu, na pale mlangoni nilishindwa kujizuia, nikatia ua dogo la hina. Mabawa yake, karibu sentimita 40, hayaingii kwenye kidaka chochote cha nyumba yetu, kwa hiyo imekaa juu ya kabati la mama. Na mama, aliyesema harufu ya rangi itamuua, ndiye anayewaonyesha wageni.

Stika zingekuwa nzima ningekuwa na ndege ya jeshi la Marekani kama ya kila mtu. Kwa hiyo labda yule bwana... hapana. Simpi hata hiyo.

Sasa la aibu. Mombasa nzima sijapata mwingine anayeuza. Juzi nimemtumia pesa ya boksi la pili, Twin Otter, ambayo ina gurudumu la mbele na bila uzito puani itakalia mkia kweli, kwa hiyo chubwi za babu zimepata kazi. Nimemwandikia alifungue kwanza, aiweke karatasi ya stika juani, anipigie picha.

Tiki mbili za buluu. Kimya.