Fundi wa vifaa vya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma: bukta safi, tranka (sanduku la bati) hapana

Nianze na bukta, maana ndiyo utakayogaagaa nayo. Huyu mzee anashona kwa kitambaa kizito cha bluu iliyokoza, mishono miwili katikati ya miguu, mpira wa kiuno mpana uliokandamizwa kwa uzi wa nailoni. Inafika gotini kama tangazo la JKT linavyotaka, haina zipu, ina mfuko mmoja nyuma. Shilingi 12,000. Mtaani utapata ya 7,000, na itakupasukia wiki ya kwanza, ukiruka kichura (kuruka umechuchumaa kama chura) cha tatu au cha nne.

Mimi nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima, nilipomaliza kidato cha sita. Sasa hivi nauza dagaa Kibirizi, na safari hii nilikuwa namnunulia mdogo wangu aliyepangiwa kambi ya Mtabila, kule Kasulu. Mama alikuja naye, amekamata orodha iliyochapishwa kama vile anakwenda kununua sare za shule: fulana ya kijani, bukta ya bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, raba za kijani au bluu, traksuti. Alikuwa anauliza rangi tu. Kwa kuruta, yaani mwanafunzi wa jeshi, rangi ni jambo dogo. Kila kitu kwenye ile orodha kitapigwa doso, ile adhabu ya kurushwa na kugaragazwa, pamoja na mwenyewe, na fundi asiyejua doso atakushonea nguo ya kwendea matembezi.

Mzee huyu anaijua. Hasemi alipita wapi, lakini mtazame anavyokunja shuka. Ukishavaa bukta ya kujaribu, anakuamuru utoke barazani uruke kichura. Si utani. Mdogo wangu alidhani anachezewa, akacheka, mzee akamwangalia tu mpaka kicheko kikakauka chenyewe. Akaruka. Wapita njia wakaanza, "Kuruta! Kuruta!" Mama akajifunika uso kwa kanga. Baada ya hapo mzee akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, akalegeza kidogo kiunoni, akamwambia, "Nguo ya kuruta haishonwi kwa ajili ya kioo, mwanangu." Hapo nikajua hela haijapotea. Ila kwa mabinti angeweka pazia. Siku ile alikuwepo binti mmoja, naye barazani hakutaka kuruka mbele ya madereva wa bodaboda. Nilimwambia mzee, akatikisa kichwa akaendelea na cherehani yake. Nyota moja nampunguzia kwa hilo.

Mfuko wa nyuma una kifungo, na kifungo hicho nilikiomba mimi. Kambini kwetu kulikuwa na dada mmoja mcheshi sana ambaye kazi yake ilikuwa kutumbukiza vitu kwenye mifuko ya wenzake kabla ya rokoo, yaani kuitwa majina. Siku moja akanitia andazi. Afande akaamuru kichura, nikaruka, andazi likasagika, chembe zikawa zinamwagika nyuma yangu kila nikitua. Aliyekuwa nyuma yangu akapasuka kicheko. Kombania yote, kikosi chetu kizima, ikafuata. Na kombania yote ikalala chini kwa ajili ya kicheko hicho, tukajiviringisha mpaka mavumbi yakageuka tope. Miezi ile ya Juni huku kwetu hakuna mvua, lakini tope halikosekani, linatengenezwa kwa ndoo. Huko ndiko nilikojua ubaya wa zipu pia: mwenzetu aliyekuja na kaptula ya dukani alinyanyuka na mstari mwekundu tumboni.

Sikumchukia yule dada. Hadi leo tunapigiana simu.

Kitu cha pili ninachomsifia fundi ni kushona jina ndani ya kila nguo kwa cherehani, bila kukuongezea hata mia. Wino unafutika kwa kufua. Kambini fulana moja ikipotea usiku, mwenye nayo hakubali kufika gwaride bila ya kijani, basi anavuta ya jirani kwenye kamba, jirani naye anavuta ya mwenzake, na mwisho anaachwa mkono mtupu yule mpole asiyejua kuvuta. Huyo ndiye anayekula doso asubuhi. Jina likiwa limeshonwa, mnyororo unakatikia hapo.

Sasa tranka. Hizi usinunue kwake. Anazichukua kwa mtu, bati lake jembamba, na pete za kufuli zinashikiliwa na ribiti ndogo ambazo bisibisi inazing'oa. Shilingi 55,000 ni nyingi kwa kitu hicho. Nina sababu ya kuwa mkali. Kulikuwa na waliotutangulia kambini, nao walijiona maafande wa usiku. Taa zikizimwa wanaingia hangani, yaani bwenini, wanamchagua mmoja, wanampandisha juu ya tranka lake aimbe huku amesimama kwa mguu mmoja, au wanamtupia nguo zao awafulie. Kuna usiku tranka la binti mmoja lilibonyea katikati, mfuniko ukaingia ndani, miwani yake ikavunjika humo. Asubuhi kwenye ukaguzi afande akauliza nani amekanyaga. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akatutoa wote nje, na safari hiyo akawaita na wale waliotutangulia, akasema hanga ni moja. Niliruka kichura siku ile kwa moyo mweupe kabisa.

Watu wakisikia nasifia doso wananishangaa. Doso ya afande ilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa kosa lililotajwa, na filimbi ikilia imekwisha, mnakwenda kunywa uji. Iliniuma mapaja, sijasema haikuniuma. Ya usiku haikuwa na kosa wala filimbi, na aliyeitoa hakuwa na cheo cha kuitoa. Mdogo wangu nimemwambia aripoti kwa afande wa hanga siku hiyo hiyo, asingoje kuambiwa ana roho nyepesi. Baba aliposikia akaguna. Yeye alikwenda miaka ya themanini, mwaka mzima, kabla utaratibu haujasimamishwa 1994, na kwake sisi tuliorudishiwa kuanzia 2013 kwa miezi mitatu tumekwenda kutalii. Lakini nilipomuuliza kama enzi zao hayo ya usiku hayakuwepo, akaomba chai.

Raba: 18,000, turubai ya kijani, inavaliwa vizuri ila soli imebandikwa gundi tu. Mchakamchaka wa alfajiri kwenye changarawe utaifungua mdomo. Zipeleke kwa mshona viatu yeyote pale sokoni azizungushie uzi, 3,000, zitafika mwisho wa kozi. Mzee mwenyewe alinishauri hivyo, jambo ambalo muuzaji mwingine asingelitamka.

Shuka ni nzuri, pana, ila zinachuja rangi. Ziloweke peke yake kabla ya safari, la sivyo fulana zitakazolowa nazo kwenye beseni moja zote zitakuwa bluu, na ukaguzi hauna huruma na fulana ya rangi ya bahari. Traksuti 35,000. Hapa alinishangaza. Alipomwuliza kijana amepangiwa wapi akasikia Mtabila, akarudisha ile nyepesi rafuni akatoa yenye kitambaa cha ndani. Kasulu iko juu, usiku wa Juni na Julai unauma tofauti kabisa na huku ziwani. Mama alikuwa ameshapanga kununua nyepesi ili abakize nauli.

Malipo ni taslimu au kwa simu. Mshono ukifumuka kabla hujaripoti kambini anakurekebishia bure, ukirudi baada ya kozi hakujui. Nenda mapema, kabla majina ya waliopangiwa kambi hayajatoka, maana yakitoka tu baraza linajaa kutoka Ujiji, Gungu mpaka wa Uvinza, na hapo anaanza kutumia kijana wa kumsaidia ambaye mishono yake ni mmoja mmoja. Geuza nguo ndani nje uhesabu kabla hujalipa. Na akikwambia njoo saa nne, uwe pale saa nne. Sisi tulifika saa nne na nusu kwa sababu ya mama na salamu zake za njiani, tukakuta zamu yetu kapewa mtu mwingine, na mzee hakutaka hata kusikia habari ya foleni ya daladala.