Tathmini ya pakiti ya pamoja ya ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha

Pakiti ninayoizungumzia ni ile inayouzwa katika maduka ya dawa ikiwa na vifuko vya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kila kimoja cha kukorogwa katika lita moja ya maji, pamoja na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza dawa hizi zitumike pamoja tangu mwaka 2004, na mwaka 2019 pakiti yenyewe iliingia katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu za watoto.

Ubora wake mkubwa huonekana pale kaunta. Mzazi aliyebeba mtoto anayeharisha haridhiki kuondoka na unga wa kukoroga peke yake, na muuzaji naye hana haraka ya kumwacha aondoke na kitu cha bei ndogo hivyo. Ndipo Flagyl au antibiotiki nyingine huongezwa juu yake, ingawa kuharisha majimaji kwa kawaida hakuzihitaji, na dawa za kufunga tumbo hazimfai kabisa mtoto mdogo. Pakiti yenye vidonge ndani yake humpa mzazi kile alichokuja kukitafuta, na tena ni vidonge vinavyostahili.

Zinki ni rahisi kutumia. Kidonge huyeyuka haraka katika kijiko cha maji safi, maziwa ya mama au ORS yenyewe. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu, na aliyefikisha miezi sita hupewa kimoja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Sharti hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, na lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Wapo watoto wanaotapika baada ya kumeza. Utafiti uliofanyika Tanzania na India, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa miligramu 5 au 10 zilifanya kazi vizuri na kupunguza kutapika kuliko miligramu 20. Hata hivyo, dozi ibaki ile aliyoandika mtabibu.

Malalamiko yangu yako kwenye kifuko cha lita moja. Mtoto wa chini ya miaka miwili huhitaji mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na mchanganyiko hutupwa baada ya saa 24, kwa hiyo mama anayechukia hasara hugawa unga kwa kukisia, na kikombe cha nyumbani hakimwambii lita imefika wapi. ORS iliyozidi chumvi ni hatari kwa mtoto. Zambia walilitatua jambo hili kwa pakiti iitwayo Kit Yamoyo, yenye vifuko vya mililita 200 na chombo ambacho chenyewe ndicho kipimo. Sioni sababu ya watengenezaji wengine kutowaiga.

Kwa kasoro hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Ukiinunua, omba muuzaji akuonyeshe chupa ya lita moja, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukikuta unga umegeuka rangi ya kahawia, kirudishe kifuko. Mtoto mwenye damu kwenye kinyesi, aliyedidimia macho au anayeshindwa kunywa apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akiendelea kupewa ORS njiani iwapo anaweza kumeza.