Lambalamba za matabaka matatu nyumbani: uzoefu wangu na kalibu za silikoni

Kama unataka kununua kalibu za kutengenezea lambalamba nyumbani, na unachotaka hasa ni zile za matunda zenye matabaka ya rangi mbalimbali, chukua za silikoni zenye kifuniko kigumu chenye matundu ya vijiti. Nimezitumia msimu wote wa joto hapa Dar es Salaam, tangu maembe yalipoanza kujaa sokoni hadi sherehe ya Mwaka Mpya nyumbani kwetu, na sina mpango wa kurudi kwenye za plastiki ngumu.

Tofauti unaiona wakati wa kutoa. Lambalamba ya rangi moja ni pande moja la barafu, hata ukiivuta kwa nguvu itatoka. Ya matabaka ina maungio, na ni hapo hapo kwenye maungio inapokatikia. Kwenye plastiki ngumu unavuta kijiti, kinakuja na embe peke yake, tui na tikiti vimebaki ndani. Silikoni haivutwi hivyo. Unabana ukingo pande zote ili hewa ipenye, kisha unasukuma kwa kidole kutoka chini, lambalamba inapanda yenyewe. Ikigoma, ichovye kwenye maji ya bomba kwa sekunde chache. Maji ya moto usiyaguse, yanayeyusha rangi na kuzichanganya pembeni, na uzuri wote wa kazi uko kwenye ile mistari iliyonyooka.

Niliyonunua ina vyumba sita, na kila kimoja kinaingia mililita 100. Huwezi kuona ndani kwa pembeni, kwa hiyo lazima upime. Vijiko viwili vya chakula ni mililita 30. Matabaka matatu yanafika 90. Zile 10 zilizobaki usizijaze, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na ukijaza hadi mdomoni juisi inasukuma kifuniko na vijiti vinakaa upande.

Kwa sherehe nilichagua tikiti maji, tui la nazi na embe. Tabaka la kwanza kumimina ndilo linalokuwa ncha, kwa hiyo nilianza na tikiti. Tikiti ni tunda la maji mno, zaidi ya asilimia 90, na likigandishwa hivi hivi linatoa barafu ngumu ya kutafuna. Dawa yake ni shira: sukari inachelewesha maji kuganda, ndiyo maana lambalamba yenye sukari ya kutosha inalambika na isiyo nayo inavunja meno. Lakini ukizidisha, haishiki kabisa, inabaki uji. Kipimo changu ni ulimi. Juisi iwe tamu kidogo kuliko ambavyo ungeinywa, kwa sababu baridi hupunguza utamu. Ongeza ndimu na chembe ya chumvi.

Tabaka la kati ni tui zito, lile la kwanza, lenye sukari na iliki. Hili ndilo lililonipa raha kuliko yote. Mafuta ya nazi yanalifanya laini, na weupe wake unazitenga rangi mbili zilizobaki. Shangazi yangu alilamba akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, haya ni maziwa gani?" Nilipomwambia ni tui, akaomba ya pili. Wanaopenda kutumia maziwa au mtindi pamoja na nanasi wajue kwamba nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na mchanganyiko unakuwa mchungu. Chemsha nanasi kwanza kisha liache lipoe, au tumia tui uepukane na yote hayo.

La mwisho ni embe. Dodo au bolibo lililoiva sawasawa, lisage, lichuje nyuzi, ongeza ndimu. Embe zito hushika kijiti vizuri, ndiyo sababu naliweka upande wa mkono.

Sasa, subira. Kila tabaka linahitaji kushika uso kabla ya kumimina jingine: ukigusa kwa kidole lisiingie, ila lisiwe jiwe. Likiwa jiwe, tabaka la juu halinati, litateleza lambalamba ikitolewa. Likiwa bado maji, rangi zinaingiliana. Kwenye friza yangu ni kama dakika 45 hadi saa moja, na juisi inayofuata lazima iwe imetoka kwenye friji, siyo ya joto la jikoni. Kijiti nachomeka baada ya tabaka la pili, likiwa limeanza kuwa zito. Hapo kinasimama chenyewe. Kisha namimina embe na kuziacha zilale usiku kucha. Maana yake ni kwamba hii ni kazi ya siku moja kabla ya sherehe, na umeme ukikatika katikati, usifungue friza. Friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu zaidi, hivyo kama ina nafasi, ijaze chupa za maji mapema.

Kasoro zipo. Silikoni inalegea, ukiibeba ikiwa na juisi bila sinia chini yake unamwaga. Inaganda polepole kuliko chuma. Na inanyonya harufu: kama friza yako inakaa samaki na dagaa, kifuniko kiwe kinabana kweli, na baada ya kazi ioshe kwa maji ya siki au magadi ya kuokea, ianike ikauke kabisa. Kwa familia kubwa, vyumba sita ni vichache. Watoto wa kwetu peke yao wanazimaliza, kwa hiyo nilikuwa natoa zilizoganda, nazifunga moja moja kwenye karatasi ya kuokea, nazirudisha friza, naanza upya.

Kuzipeleka ufukweni inawezekana. Weka kwenye deli, zungushia barafu iliyonyunyiziwa chumvi ya mawe, maana chumvi hushusha joto la barafu chini ya sifuri. Lambalamba zenyewe zikae kwenye chombo kilichofungwa ili chumvi isizifikie. Hadi mchana wa pale Kigamboni, mistari ilikuwa bado imenyooka, na wifi yangu alikataa kuamini kwamba hazikununuliwa.

Bei yake haikufika ya kuku mmoja wa kienyeji. Nenda dukani uzione kwa macho badala ya kuagiza kwa picha. Bana ukuta wa kalibu na uuzungushe: wengi husema silikoni halisi haiwi nyeupe pale ilipokunjwa, na yenye vijazio, yaani vitu vingine vilivyochanganywa ndani, inaacha mstari mweupe, ingawa kipimo hiki si cha uhakika. Inuse pia, inayonuka mpira mkali iache. Jaribu kifuniko na kijiti papo hapo, tundu lisiwe pana kiasi cha kijiti kucheza. Vijiti vya mbao vya akiba nunua pakiti kubwa, zile chache wanazokupa ndani ya boksi zinaisha sherehe ya kwanza.