Benz W211 kutoka Japani: mwaka hautoshi, soma na namba ya injini

Mercedes-Benz E-Class W211, ile ya taa nne za umbo la yai, ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Siku hizi bei yake Japani mara nyingi haipishani sana na ya Toyota ndogo, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, hivyo aliyeko Nairobi atanunua lililokwisha kusajiliwa. Tanzania linaingia, ila kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kabla hujamjibu muuzaji.

Ya kuchukua ni E280 au E350 ya 2007 kwenda mbele, yenye usukani wa kulia. Maanake Japani Benz za usukani wa kushoto nazo zipo, na kwenye picha huwa zinapendeza vilevile.

Kwanza breki. Zilizotoka kabla ya maboresho ya katikati ya 2006 zina SBC: ukikanyaga pedali, kompyuta ndiyo inayoamua presha, na pampu ya umeme ndiyo inayoitengeneza. Pampu hiyo ina kaunta. Hesabu ikifika mwisho, dashibodi inawaka ujumbe mwekundu, na pampu ikigoma kabisa breki zinabaki magurudumu ya mbele tu, pedali ngumu, inazama sana. Wapo mafundi wanaorudisha kaunta nyuma kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Ujumbe unapotea kweli, lakini mota iliyochakaa ni ileile. Pampu ya kutoa kwenye gari jingine nayo inakuja na hesabu yake, kwa hiyo isomwe kwenye mashine kabla hujalipa.

Hata kubadilisha breki pedi za SBC kuna namna yake. Mfumo unaweza kujipima wenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Mtu akifungua tu mlango au kubonyeza rimoti, presha inapanda na pistoni zinabana papo hapo. Kidole kikiwa kati ya pedi na diski, kimekwenda. SBC izimwe kwa mashine ya Mercedes kwanza, ndipo tairi litolewe. Fundi asiyelijua hilo asiguse.

Kuanzia maboresho ya 2006 SBC iliondolewa, breki zikarudi kuwa za kawaida. Ila E280 na E350 zina injini ya M272, na injini hiyo ina ugonjwa wake. Za mwanzo zilifungwa gia laini mno kwenye shafti ya kusawazisha mtikisiko. Meno yakilika, cheni ya taimingi inalegea na kamshafti zinaachana na krenki. Taa ya injini inawaka, mashine inatoa namba ya hitilafu 1200 au 1208. Gia yenyewe si ghali. Kazi ndiyo inayoumiza, kwa sababu injini lazima ishushwe na kufunguliwa. Mpaka ni namba 468993: tarakimu sita za mwisho za namba ya injini zikiwa chini ya hapo, gia ni ya zamani. Mwombe muuzaji namba ya injini, au itafute kwa namba ya chasisi. Asiyetaka kuitoa, mwache na gari lake.

Ukiangukia E240, injini yake ya M112 ni ngumu na haina ugonjwa huo, ila inavuja oili kwenye kava za valvu, nawe utanusa oili inayoungulia kwenye ekzosti. Ina plagi 12 kwa silinda 6. Risiti ikisema 6, kazi imefanyika nusu.

Gia boksi ya E240 ni ya spidi 5. Kasoro yake maarufu ni soketi ya waya ubavuni: oringi zake zikikauka, oili hupanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Soketi ni ya bei ndogo, ibadilishwe pamoja na oili na filta. Ya spidi 7, inayofungwa kwenye E280 na E350, kompyuta imo ndani ya gia boksi. Ikifa, gari linakwama kwenye gia moja, na ya mtumba haifanyi kazi kwa kupachikwa tu. Imefungamanishwa na gari ilikotoka.

Oili ya injini ya M272 ni lita 8 za kiwango cha MB 229.5. Kwa foleni za Dar, badilisha kila kilomita 7,000 au 8,000 bila kungoja dashibodi ikukumbushe. Kwenye rejeta weka kulanti iliyoidhinishwa na Mercedes. Maji ya bomba yanaacha magadi ndani.

Shokapu za upepo, Airmatic, ziogope. Ukikuta kona moja imelala asubuhi, mfuko unavuja, na kompresa inayojaza kila mara haitadumu. Badilisha mfuko kwanza. Ukianza na kompresa utaiua na hiyo mpya.

Redio ya Japani inaishia FM 90, na menyu ni za Kijapani. Bajeti ya redio nyingine iwepo.