Kuzunguka rasi ya Cape Town kwa baiskeli: hakikisha bahari iko kushoto kwako

Nimeshaizunguka hii njia mara nne, na safari ya mwisho ndo imenifanya niandike, maana kuna watu wananiuliza kila siku ukija Cape Town uendeshe baiskeli wapi, na duka gani ukodi. Njia naipa kumi kwa kumi bila kusita. Duka nililokodi mara ya mwisho naipa tatu, na nitaeleza kwanini.

Kwanza kwa aliyekulia pwani ya kwetu hii kitu inashtua. Mimi wa Tanga, bahari naijua, na milima naijua, barabara ya Mombo kupanda Lushoto naijua kona kwa kona. Ila kwetu bahari iko huku na milima iko kule, huwezi ukaviona vyote pamoja kwa karibu. Hapa mlima umesimama wima majini kabisa, na barabara imechongwa ubavuni mwake, chini mawimbi, juu mwamba, katikati wewe na baiskeli yako.

Njia ni ileile ya mashindano ya Cape Town Cycle Tour, yanayofanyika mwezi wa tatu kila mwaka, kilomita 109, yalianza 1978 na kuna miaka wameingia watu mpaka 35,000. Huna haja ya kusubiri mashindano, siku ya kawaida unaweza kuizunguka, ila zingatia uelekeo, na hili ndo jambo ninalotaka watu walielewe. Wengi wageni wanatoka mjini wanakimbilia Camps Bay kwanza kwa sababu ya picha, wanashuka Hout Bay, wanaingia ile barabara ya mlimani ya Chapman's Peak wakielekea kusini. Asa huku wanaendesha kushoto kama kwetu, kwahiyo ukielekea kusini upande ule unabanwa na ukuta wa mwamba na magari yako kati yako na bahari. Fanya kinyume chake. Shuka na upande wa mashariki, Muizenberg, Kalk Bay, Simon's Town, alafu rudi na upande wa Atlantiki. Kwa namna hiyo ukishafika pwani bahari inakuwa mkono wako wa kushoto karibu njia nzima, hakuna gari linalokukatia, unaisikia mpaka inavyovuta pumzi.

Na upepo pia. Wakati wa kiangazi huku unavuma ule wa kusini mashariki, na sio mchezo, 2017 waliyafuta mashindano kabisa asubuhi ileile kwa sababu yake. Ukienda nilivyosema unapigana nao asubuhi ukiwa na nguvu, na ukigeuza kurudi unakusukuma mgongoni. Ukienda kinyume utaipata habari yako jioni miguu imeshaisha.

Muizenberg mpaka Simon's Town ni tambarare, reli iko kushoto kwako na zaidi ya reli maji, pale Kalk Bay wavuvi wanapakua samaki asubuhi na harufu inakupitia yote usoni. Simon's Town kuna pengwini pale Boulders, kama hujawahi kuwaona simama, kama umeshawaona endelea. Baada ya hapo nyumba zinaisha, unaanza kupanda Smitswinkel, sio mkali sana ila mrefu, na nyani wapo. Usisimame kula hapo jamani. Ndizi iache mfukoni mpaka ufike ng'ambo, nyani wa huku wanafungua mkoba na zipu yake.

Sasa hapo juu ndo yakanikuta. Kutoka lile geti la hifadhi ya Cape Point unashuka kuelekea Scarborough, mteremko mtamu, nikabana breki ya mbele kwenye kona nikasikia sauti ya chuma kwa chuma, kama kisu kwenye tofali. Nikabana ya nyuma kwa nguvu nikasimama pembeni kwenye changarawe moyo unadunda. Kuangalia, raba za breki za mbele zimeisha kabisa, upande mmoja umebaki ule mkono wa chuma tu na rimu imeshaanza kuchimbika mstari. Hii baiskeli nimekabidhiwa asubuhi hiyohiyo, kijana wa dukani ameniambia imefanyiwa sevisi wiki hiyo, na mimi nikaamini nikaweka sahihi.

Wakapita wazee watano wamevaa jezi zinazofanana, mmoja akarudi. Nikamwita anko, huku Cape ndo wanavyomwita mtu mzima. Hakuuliza mengi, akaigeuza baiskeli miguu juu, akatoa chini ya kiti kimfuko, ndani kuna soksi ya mtoto imefungwa fundo, ndani ya soksi jozi moja ya raba kuukuu lakini nzima. Akaifuta rimu kwa pindo la jezi yake, akafunga, akazungusha gurudumu akasikiliza sikio limeinama karibu na spoku, akafungua tena akasogeza kidogo sana, labda unene wa kucha, akafunga. Dakika kumi. Nikataka kumlipa akakataa, akasema siku na mimi nikikuta mtu nimpe. Tangu siku hiyo natembea na jozi mbili.

Kwahiyo kabla hujatoka dukani, duka lolote lile, inama uangalie raba kwa macho yako, bana breki zote mbili huku unasukuma baiskeli mbele, angalia tairi kama haina mipasuko, badilisha gia zote pale mlangoni. Wakikuonyesha uso wa haraka ondoka, Cape Town maduka ya baiskeli ni mengi. Mimi niliporudisha walisema pole, hela ya kukodi hawakurudisha hata nusu, sitarudi.

Turudi barabarani. Scarborough, Misty Cliffs, Kommetjie na ule mnara mweupe wa taa wa Slangkop, hapo unapumua, maji kushoto yana rangi ya kijani kibichi na baridi yake unaisikia mpaka barabarani. Alafu Noordhoek, jaza maji chupa zote, maana inaanza Chapman's Peak yenyewe.

Kilomita 9 kona 114. Waliijenga kuanzia 1915 mpaka 1922, wakaifuata ile mstari ambapo mwamba mgumu wa chini, itale, unakutana na mwamba laini wa tabaka juu yake, ukiangalia ukuta unaziona rangi mbili wazi. Huo mwamba wa juu ndo unaomwaga mawe, walishaifunga 2000 baada ya jiwe kuua mtu, wakaifungua 2003 wakiwa wameweka nyavu za chuma na sehemu moja barabara inapita ndani ya mwamba nusu, upande wa bahari uko wazi. Magari yanalipa, baiskeli bure. Mvua kubwa au upepo mkali wanaifunga, kwahiyo angalia kabla hujatoka usije ukafika Noordhoek ukalazimika kuzunguka na barabara ya Ou Kaapse Weg inayopanda mlima, na miguu iliyochoka ni adhabu.

Unapanda kidogo, unashuka, unapanda tena kwa muda mrefu, na kushoto kuna kiukuta cha mawe kinachofika kiunoni tu. Nilipofika kile kituo cha juu nikaegemeza baiskeli ukutani nikakaa. Hout Bay yote iko mbele yako, ghuba imejikunja, mlima Sentinel umesimama mdomoni, maboti madogo kama punje za mchele. Jua lilikuwa limepiga mwamba juu yangu umekuwa wa chungwa. Nimekaa nusu saa, sikupiga picha hata moja.

Kushuka Hout Bay ni starehe, alafu unakutana na mpando wa Suikerbossie. Kilomita kama mbili tu, ila imewekwa mwishoni kabisa miguu ikiwa imebaki mifupa, tumia gia ndogo mapema usione aibu. Ukiimaliza ni mteremko wa Llandudno na Camps Bay mpaka nyumbani.

Nenda na wenzako wawili watatu, toka saa kumi na mbili asubuhi, peke yako kuna vipande watu wameporwa baiskeli. Na beba raba za breki.