Royal Road kwa mpenzi wa njozi aliye Mwanza
Kama unapenda riwaya za njozi zinazotoka sura kwa sura, tovuti ya Royal Road ni hazina. Riwaya zake zimeandikwa kwa Kiingereza, kusoma ni bure, na ukibonyeza "Follow" unapata taarifa sura mpya ikitoka. Sura zenyewe ni maandishi zaidi, bando dogo linatosha. Ukisafiri kwa meli kwenda Nansio, fungua sura tatu nne kabla ya kuondoka, maana ziwani mtandao hukatika.

Kasoro inayouma: mwandishi akiingiza kitabu Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma vitabu kwa ada ya kila mwezi, masharti ya Amazon humlazimu kuondoa sura hizo za bure, na aliyechelewa hukuta mwanzo haupo. Hadithi ikishapata wasomaji wengi, isome haraka. Waandishi wengi huuza sura za mbele Patreon, tovuti ambako wasomaji humlipa mwandishi moja kwa moja. Mwenye subira huzipata baadaye bila kulipa.