Chaja ya betri za lipo: pawasaplai ya kompyuta au ya seva?

Chaja ya betri za lipo (lithiamu-polima) inayotumia volti 12 huhitaji pawasaplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti hizo. Anza na hesabu ya chaja yenyewe. Betri ya seli 6 ikichajiwa kwa ampea 10 hufika volti 25.2, yaani wati 252. Upande wa volti 12 unaotoka kwenye pawasaplai, hizo ni ampea 21, na ukijumlisha umeme unaopotea kama joto ndani ya chaja, weka akilini ampea 25.

Hapo pawasaplai ya kompyuta ya mezani huanza kulemewa. Kuiwasha ni rahisi: unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa. Lakini nyingi za zamani zimegawa volti 12 katika njia mbili au zaidi, kila moja na kikomo chake, kwa hiyo chaja ikivuta sana, pawasaplai inajizima ghafla. Kwa betri ndogo za seli 3, inatosha kabisa.

Ya seva hutoa karibu nguvu yake yote kwenye njia moja ya volti 12. Ya wati 750 inapita ampea 60. Feni yake ina kelele kweli, na pini za kuiwasha hutofautiana modeli kwa modeli, basi tafuta mchoro wa modeli yako kwanza.

Mimi nachagua ya seva. Ila usiunge mbili mfululizo upate volti 24 kienyeji: kwa kawaida hasi imeungwa na kasha na waya wa ethi, na shoti yake ni kubwa. Kasha lenyewe usilifungue. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata ukishachomoa plagi.